Mchanga ndio uliokata picha yenu: kubuni gari la doria lisilo na dereva kwa ardhi ya Lamu

Swali, kwa ufupi: "Sisi ni wanafunzi wanne wa uhandisi, nyumbani kwetu Mokowe na Shela. Tunabuni gari dogo lisilo na dereva la kuwasaidia askari wa doria: libebe maji na betri, litangulie njiani kabla ya watu kupita, na usiku lichunge ufuo. Halina silaha. La kwanza lilikuwa na kilo 60, mota nne za waipa, matairi membamba ya toroli, betri moja ya gari ya volti 12 na kamera ya waifai. Kwenye barabara ngumu Mokowe lilikwenda vizuri. Ufuoni Shela lilikwama baada ya mita 40, mota mbili zikaungua, na picha ilikuwa ikikatika kila tulipokata kona. Tumeshauriwa tununue redio yenye nguvu zaidi. Tuanzie hapo?"

Jibu: La, vijana wangu. Msinunue redio bado. Neno kubwa katika barua yenu ni "kila tulipokata kona". Redio haijui kona. Kinachojua kona ni mota, na hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Fanyeni hesabu. Gari la kilo 60 lina uzito wa niutoni 590 hivi. Kwenye barabara ngumu, kulipeleka mbele kunataka kama asilimia 5 ya uzito huo, yaani niutoni 30. Kwenye mchanga mkavu wenye kuzama, kwa matairi membamba, asilimia hiyo hupanda hadi 35: niutoni 200. Ongezeni mwinamo wa digrii 10 wa kutoka majini kwenda juu, mnapata niutoni 100 nyingine. Jumla 300, mara kumi ya kule Mokowe. Kwa gurudumu la nusukipenyo cha sentimita 15, hiyo ni niutoni-mita 11 kwa kila gurudumu, na bado mnakwenda moja kwa moja. Gari lenu halina usukani: linageuka kwa upande mmoja kwenda mbele na wa pili kurudi nyuma, kwa hiyo magurudumu yanaburuzwa kando na kukokota mchanga kama koleo. Hapo zidisheni mara mbili.

Mota ya waipa imetengenezwa kufuta kioo chenye maji. Mfululizo inaweza niutoni-mita 5 au 6, na hata hizo huwezi kuidai kutwa. Ikizidiwa hupunguza mwendo mpaka ikaribie kusimama, na mota inayosukumwa umeme huku imesimama ndiyo inayokula mkondo mkubwa kuliko zote. Umeme wote hugeuka joto ndani ya waya wake, na dakika chache tu vanishi inaungua. Harufu ile mliisikia.

Sasa picha. Mota nne zikila ampea 20 hadi 25 kila moja, betri inatoa ampea 80 hadi 100 kupitia waya mwembamba. Volti zinashuka, pengine chini ya 9. Ruta na kamera yenu zimeunganishwa kwenye betri hiyohiyo; zinazima, halafu zinawaka upya, na ruta kuwaka huchukua nusu dakika au zaidi. Nyinyi mnaona kioo cheusi mnasema mawasiliano yamekatika. Hakikisheni kwa multimita: iungeni kwenye waya wa kuingia kwenye ruta, mmoja wenu alizuie gari kwa mguu, mwingine aagize kona. Mkiona namba inaporomoka, mmemjua mwizi. Mchanga uliongeza mzigo, mzigo ukaongeza mkondo, mkondo ukashusha volti, volti zikazima picha. Ndiyo maana gari la namna hii hubuniwa kuanzia chini kwenda juu: ardhi kwanza, kisha gurudumu, mota, betri, redio, na kamera mwisho. Wengi huanza na kamera kwa sababu ndiyo inayopendeza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haina umeme. Azimeni kwa mvuvi mizani ya kuning'iniza samaki, ile ya kilo 50. Toeni mota au tenganisheni gia magurudumu yazunguke huru, fungeni kamba mbele ya gari, vuteni taratibu kwa mwendo mmoja na msome kilo. Gawanyeni kilo mlizosoma kwa uzito wa gari: hiyo ndiyo asilimia ya ukinzani wa mahali pale. Gari la kilo 120 likisoma kilo 5 barabarani na kilo 30 mchangani, mna 0.04 na 0.25. Pimeni penye lami, penye murramu, kwenye mchanga mbichi ulioachwa na maji, kwenye mchanga mkavu wa juu, na kwenye udongo mweusi wa bara upande wa mji wa Hindi baada ya mvua. Mkimaliza mtakuwa na karatasi ambayo hakuna muuzaji wa mota atakayewapa. Ila vilima vya mchanga vya Shela mviache: ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya visima vya Lamu. Ufuo wa chini unatosha.

Kuhusu gurudumu au minyororo, wengi hukimbilia minyororo kwa sababu ndiyo sura ya kijeshi. Kwa Lamu mimi nachagua magurudumu. Mnyororo wa mpira hushinda kwenye tope pana, lakini mchanga wenye chembe za kombe huingia kati ya meno na mpira ukausaga, na kwenye mwamba wa matumbawe jiwe moja lililosimama hulitoa jino mahali pake; mnyororo ukivuka upande mmoja, gari limekufa palepale na hamna wa kulirudisha usiku. Tairi likitoboka bado gari linajikokota. Chukueni matairi mapana, kipenyo sentimita 40, upana 15 au zaidi, yenye upepo mdogo. Gari la kilo 120 kwa matairi manne, kila moja likigusa ardhi kwa eneo la sentimita 12 kwa 15, linakandamiza kama kilopaskali 16. Mtu wa kilo 70 anapotembea, mguu mmoja ukiwa chini, hukandamiza kama 35. Gari likiacha alama ya kina kuliko nyayo zenu, punguzeni upepo kabla hamjagusa kitu kingine.

Tope la mikoko lisahauni. Hakuna gari la ukubwa huu linalolipita, la magurudumu wala la minyororo. Wekeni kwenye ramani mstari mwekundu na programu ya gari ikatae kuuvuka.

Umbo: umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma usizidi umbali wa kushoto na kulia. Gari refu jembamba linapogeuka kwa kuburuza hula umeme mara mbili ya gari fupi pana. Lakini upana una mpaka wake, kwa sababu vichochoro vya mji wa kale vingine havifiki mita moja na nusu, na punda mwenye shehena ndiye mwenye njia. Upana wa nje wa sentimita 95, magurudumu yakiwa sentimita 80 katikati kwa katikati, unatosha kwa kuwa doria yenu ni ya ufuo na njia za bara, si ya mjini.

Sasa tuipe namba gari la pili: kilo 120 pamoja na mzigo wa kilo 30, yaani dumu moja la lita 20 na betri za redio. Chasi ya aluminiamu kilo 25. Magurudumu na mota kilo 7 kila pembe, jumla 28. Betri kilo 20. Mlingoti na kamera 6. Redio, kompyuta, maboksi na nyaya 9. Jumla 118. Mkiona mzigo unataka kufika kilo 60, msiongeze juu ya chasi hiyohiyo. Hesabu yote inaanza upya.

Kwenye mchanga tambarare, kwa ukinzani wa 0.25, gari hilo linataka niutoni 295 hivi. Kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde ni wati 295 kwenye gurudumu, na kwa kuwa mota, kontrola (kifaa kinachoipimia mota umeme wake) na giaboksi hupoteza karibu asilimia 30, betri hutoa wati 420. Kupanda mwinamo wa digrii 20 penye mchanga kunataka niutoni 680, betri hutoa wati 970. Kwenye murramu ngumu, hata kwa mita 1.5 kwa sekunde, wati 130 zinatosha. Tofauti ya 130 na 970 ndiyo sababu gari lililopimwa uani kwa fundi haliaminiki.

Kila gurudumu, basi, litaombwa niutoni-mita 15 mfululizo kwenye mchanga, 34 kwa dakika chache mlimani, na 60 au zaidi kidogo kwa sekunde chache kwenye kona. Tafuteni mota zisizo na brashi za volti 48, wati 350 kila moja, zenye giaboksi ya sayari ya karibu 40 kwa 1. Mota ya mizunguko 3,000 kwa dakika itatoa 75 kwenye gurudumu, sawa na mita 1.5 kwa sekunde. Msivutwe na kasi. Wengi hupunguza uwiano wa gia ili gari likimbie barabarani, kisha wanashangaa mota zinachemka mchangani. Jino la giaboksi liwe la mshazari ikiwezekana. Jino lililonyooka hulia, na usiku wa kusi ukitulia mlio huo husikika mbali. Kontrola nayo iwe ya wimbi laini, masafa yake ya kukata umeme yawe kilohezi 16 hadi 20 ili ule mluzi utoke kwenye sikio la mtu.

Kila kontrola iwekeeni kikomo cha ampea 18 upande wa betri. Mara nne ni 72. Fyuzi kuu iwe ya ampea 80, kando kabisa ya ncha ya betri, na waya mkuu wa milimita za mraba 16. Ndani ya kila mota muweke kipimajoto: kikifika digrii 90 mwendo upunguzwe, kikifika 110 mota izimwe. Vitu hivi viwili, kikomo na kipimajoto, ndivyo vingeziokoa mota zenu za waipa pamoja na udhaifu wake wote.

Betri iwe ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, seli 16, ampea-saa 40. Hizo ni wati-saa 2,000 na kidogo. Mhesabu asilimia 80 tu, karibu 1,640. Zamu ya saa sita ikiwa na saa moja ya mchanga (420), dakika 15 za kupanda (240), saa moja na nusu ya murramu (190), na saa zilizobaki limesimama linaangalia, huku kamera, kompyuta na redio zikila wati 60 muda wote (360), mnafika 1,210. Akiba ya asilimia 30 inawafikisha 1,570. Inatosha, na haibaki ya kuchezea. Mtaona kwamba kamera, kompyuta na redio peke yake zimekula karibu theluthi. Kwa gari la uangalizi ndivyo ilivyo siku zote, kwa hiyo kila kifaa kisichotumika kizimwe. Betri hizo hazipendi kuchajiwa zikiwa na joto zaidi ya digrii 45. Zikitoka juani ziacheni kivulini kwanza.

Na hili mlizingatie kuliko yote niliyosema juu ya umeme: redio na kompyuta zipewe betri yao ndogo, volti 12 ampea-saa 10, inayochajiwa kutoka kubwa kupitia kigeuzi. Mota zikifanya vurugu zao, ubongo usihisi. Betri kubwa ikikatika kabisa, gari bado lina saa mbili au zaidi za kusema lilipo.

Tukifika kwenye redio, tatizo ni kimo. Mawimbi hayapiti kama uzi uliovutwa. Yanataka uwazi ulio mwembamba kwenye ncha mbili na mnene katikati. Kwa gigahezi 2.4 na umbali wa kilomita 1, uwazi huo katikati una nusukipenyo cha mita 5 na nusu. Kwa megahezi 433 ni mita 13. Antena iliyo sentimita 60 juu ya mchanga imezika nusu ya uwazi wake ardhini, na kuongeza wati hakuifukui. Inueni antena ya mwendeshaji: dari ya nyumba ya ghorofa mbili huongeza umbali kuliko amplifaya yoyote mtakayouziwa. Ya gari iwe juu ya mlingoti. Majani mabichi ya mikoko hunywa gigahezi 2.4 kama sifongo, kwa hiyo amri za kuendesha zipitie masafa ya chini, na video peke yake ipite ya juu. Amri ni kitu kidogo: paketi za baiti 30 mara 20 kwa sekunde hazifiki kilobiti 5. Video ya pikseli 1280 kwa 720 iliyobanwa vizuri inataka megabiti 2 hivi. Msifunge vyote viwili kwenye njia moja, video ikazimisha breki.

Pwani kuna jambo jingine ambalo vitabu vya bara havina. Maji ni kioo cha redio. Wimbi linalopiga bahari na kurudi hukutana na lile lililokuja moja kwa moja, na mahali fulani yanauana. Maji yakipanda, kioo kimepanda, na mahali pa kuuana panahama. Njia mliyoipima maji yakiwa kupwa mkaiona safi inaweza kuwa na shimo la mita 30 maji yakijaa. Pimeni mara mbili, kupwa na kujaa, siku ya bamvua, na mkiweza wekeni antena mbili kwenye gari zilizopishana kimo.

Uran-9 ya Urusi, gari kubwa la vita lisilo na dereva, la tani kadhaa, ilipelekwa Syria mwaka 2018. Ripoti ya wataalamu wao wenyewe ilisema iliongozeka kwa mita 300 hadi 500 tu penye majengo, mawasiliano yalipotea mara 17 kwa hadi dakika moja, na mara mbili kwa hadi saa moja na nusu. Wale walikuwa na kiwanda kizima. Kwa hiyo amueni mapema gari lifanye nini likiwa peke yake. Pendekezo langu: amri zikikosekana kwa nusu sekunde, mota zisimame. Sekunde 30 zikipita, mlingoti ushuke na gari lirudi kwa alama zake lenyewe, polepole, hadi mahali pa mwisho palipokuwa na mawasiliano mema, lisubiri. Breki ziwe za kufungwa na springi na kufunguliwa na umeme, umeme ukikatika mlimani gari lisiserereke. Kitufe chekundu cha kuzima kiwe pande zote mbili, nacho kikate umeme wa mota kwa rilei, yaani swichi inayosukumwa na umeme. Kisitume ombi kwa kompyuta. Kompyuta iliyoganda haisikii maombi.

Ucheleweshaji wa picha nao una gharama yake. Milisekunde 300 kwa mwendo wa mita 1.5 ni sentimita 45, gari limeshapanda jiwe kabla hamjaliona. Mkishindwa kushuka chini ya 250, punguzeni mwendo.

Kujua lilipo: msiitegemee GPS peke yake. Lamu iko digrii 2 tu kusini mwa ikweta, na katika ukanda huu anga la juu huchafuka baada ya jua kuzama, zaidi kuelekea Machi na Aprili, na Septemba na Oktoba. Setilaiti zinaonekana na bado alama inarukaruka. Kuhesabu mizunguko ya magurudumu husaidia barabarani, ila mchangani gurudumu huteleza asilimia 20 hadi 40: gari husema limekwenda mita 100 na limekwenda 70. Unganisheni vyote, pamoja na jairo (kifaa kinachopima kugeuka kwa gari), na programu ipunguze imani kwa magurudumu kila mkondo wa mota unapopanda, kwa sababu mkondo ukipanda ndipo yanapoteleza. Dira ya sumaku iwe juu ya mlingoti, nusu mita mbali na nyaya za mota.

Kamera sasa. Karatasi ya muuzaji itasema kamera ya joto inaona mtu kilomita moja na nusu. Mwulizeni: kuona, au kujua? John Johnson wa jeshi la Marekani alipima jambo hili mwaka 1958, na kipimo chake bado kinatumika. Kujua tu kwamba kuna kitu kunataka pikseli 2 hivi juu ya kitu hicho, kujua kwamba ni mtu na si punda pikseli 8, kumpambanua zaidi pikseli 13. Kamera ya pikseli 640 kwa 512, kila pikseli mikroni 12, kwa lenzi ya milimita 25, na mtu akihesabiwa sentimita 75: kuna kitu, mita 780, ni mtu, mita 195, kumpambanua, mita 120. Na hizo ni bahati ya nusu kwa nusu, hewa ikiwa safi. Hewa yetu ina mvuke wa chumvi, na kuna saa, hasa magharibi na asubuhi jua linapochomoza, ambapo mchanga na ngozi ya mtu vina joto moja na mtu anayeyuka kwenye picha. Saa nane usiku hadi alfajiri ndiyo saa ya kamera ya joto. Mchana tumieni kamera ya kawaida yenye lenzi ya kuvuta. Taa ya infraredi ya nanomita 850 inaonekana kwa jicho kama kaa dogo jekundu; ya 940 haionekani, lakini kamera nyingi hupoteza karibu nusu ya usikivu wake hapo.

Mlingoti wa mita 2 unatosha kuangalia juu ya vichaka vya ufuo. Kamera na kichwa chake visizidi kilo 5, gari lisiende kwenye mwinamo wa zaidi ya digrii 20 mlingoti ukiwa juu, na kusi likivuma ufungeni mlingoti kwa nyaya tatu au muushushe hadi mita moja, la sivyo picha itatikisika na programu ya kutambua mwendo itapiga kelele usiku kucha.

Chumvi inaua polepole kuliko mchanga, lakini inaua kila gari. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la A4. Zile za A2 huanza madoa mapema hapa. Chuma hicho kikigusana na aluminiamu penye maji ya chumvi, aluminiamu huliwa, kwa hiyo kati yao wekeni washa ya nailoni na grisi. Nendeni Matondoni mkatazame jahazi lililoinuliwa: mafundi wale wanajua ni msumari gani unaokula mbao na upi unaokaa. Boksi la elektroniki lililozibwa kabisa nalo lina hila yake. Likikaa juani ndani hufika digrii 60, hewa inatanuka na kutoka kidogo kidogo. Kisha gari linapita dimbwi, boksi linapoa ghafla na kufyonza maji kupitia mpira wa mfuniko. Wekeni tundu lenye membreni inayopitisha hewa na kukataa maji, mfuko wa kukausha unyevu ndani, na juu ya boksi paa la pili lenye nafasi ya sentimita 3 hewa ipite. Msiweke feni ya kuvuta hewa ya nje. Beringi za magurudumu ziwe na oilsili mbili kila upande, na kila safari ikiisha gari lioshwe kwa maji matamu ya kisima bila mkandamizo; pampu ya kuoshea magari husukuma chumvi ndani ya sili badala ya kuitoa.

Kuhusu kutangulia njiani. Naelewa kwa nini mmeliweka. Wakazi wa njia za Hindi kwenda Kiunga hawahitaji kuelezwa habari ya mabomu ya kutegwa njiani. Lakini gari lenu ni jicho tu. Lionyeshe udongo uliofukuliwa, kitu kilichoachwa, mwinuko usiokuwapo jana, na picha ziende kwa wataalamu wa jeshi wanaojua la kufanya. Waingereza walipotengeneza Wheelbarrow, roboti yao ya kutegulia mabomu, mwaka 1972 huko Ireland Kaskazini, walianza na kazi moja tu, kulifunga na kulivuta gari lililoshukiwa kutoka mbali, na mengine yakaja baadaye. Nyinyi pia chagueni moja iwe imara. Ningeanza na ufuo wa usiku, kwa sababu hapo gari lina muda mwingi wa kusimama na mawasiliano yanatabirika.

Kabla ya kutoka na gari lenye kamera na redio, ombeni kibali cha masafa kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, mjulisheni chifu na kituo cha polisi, na waambieni wavuvi wa eneo hilo siku na saa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inagusa picha za watu: lenzi isielekee madirishani, na picha zisizo na kazi zifutwe kwa muda mliouandika. Mzee anayetia dau lake maji alfajiri ana haki ya kujua ni nini kile kinachomwangalia.

Majaribio yaende kwa mpangilio: siku ya kwanza mizani ya samaki, ya pili gari juu ya mawe, magurudumu hewani, mkizima redio makusudi mara 50 na kuhesabu mara ngapi mota zimesimama, na ikiwa ni 49 msiendelee, ya tatu murramu, ya nne mchanga mbichi, mchanga mkavu mwisho. Kwa ufuo chagueni siku za maji mafu, si za bamvua. Bamvua la Lamu hupanda karibu mita 3, na nusu ya kimo hicho hupanda katika saa ya tatu na ya nne baada ya kupwa. Kwenye ufuo wenye mwinamo wa mita 1 kwa 30, hiyo ni mita 45 za mchanga kwa saa mbili: gari lililokwama mita 20 kutoka majini lina muda usiofika saa moja. Kwa hiyo kamba ya mita 50 ifungwe kwenye ndoano ya nyuma kabla tairi halijagusa mchanga, na mmoja wenu asiwe na kazi nyingine siku hiyo ila kuyatazama maji.